Mikono ya Banda Namba Saba

Jumapili, 3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika, kazi nimepata, kitanda nimepata, na nimepata chumba chenye wanawake watano ambao wote wanakoroma isipokuwa mimi. Wao nao wanasema anayekoroma ni mimi, lakini wewe unanijua.

Najua umeshaanza kununa kwamba sipigi simu. Kwanza, simu wewe unaisikia kama nyuki ndani ya debe, umesema mwenyewe. Pili, hapa simu tunamwachia mlinzi getini Jumatatu hadi Jumamosi, eti zinaingiza magonjwa ya kuku. Basi tutaandikiana kama wewe na marehemu baba. Posta iko mjini, mwendo wa saa moja kwa miguu, na Jumapili ndiyo siku yangu ya kutoka.

Kazi yenyewe ni kuku wa nyama. Usicheke. Mabanda kumi na mawili, kila banda kuku elfu ishirini, na mimi niko namba saba. Taa haizimwi karibu siku nzima ili wasiache kula. Wewe na kuku wako sita mngezimia mlangoni.

Nakula, nalala, na sijagombana na mtu hadi saa hii ninapoandika.

Mwanao mwenye mdomo,
Chiriku


Jumapili, 3 Machi

Mratibu,

Kadi ya kwanza ya kamera iko katikati ya karatasi hizi mbili. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu mlinzi anazipekua simu kabla ya kuturudishia. Kamera inafanya kazi. Hakuna aliyetazama mara mbili kifungo cha ovaroli. Tatizo ni kwamba iko kifuani, kwa hiyo inachoona zaidi ni mikono yangu mwenyewe.

Kazi niliyopewa ni hii. Kila asubuhi natembea banda zima na pipa la magurudumu. Waliokufa naokota. Walio hai lakini miguu imeshindwa kubeba kifua, nao naokota, maana kuku asiyefika kwenye maji ni hasara. Msimamizi alinionyesha: unashika miguu, unapiga kichwa ukingoni mwa pipa mara moja, unatupa ndani. Mara moja tu, hata kama haikutosha. Asiyekufa anafunikwa na wanaofuata. Ukifunga mfuniko bado unasikia pipa linapumua.

Wa kwanza nilimziba macho kwa kiganja kabla ya kupiga. Sikufikiria, ni mazoea ya nyumbani. Mama hachinji kuku bila kumziba macho, asione kinachomjia. Msimamizi alicheka akaniuliza kama nitamwimbia pia. Nimeendelea kuziba. Nijulishe kama hilo ni kuingilia kazi.

Mimi wa namba saba


Ijumaa, 8 Machi

Ndugu yetu,

Kadi imefika salama. Picha ni safi.

Nakukumbusha ulichotia sahihi. Fanya kama ulivyoonyeshwa. Usiokoe, usipunguze, usiongeze. Kuziba macho si kuingilia, ila kunakuchelewesha, na anayechelewa hutazamwa. Tunahitaji miezi miwili na nusu ili wasije kusema ilikuwa siku moja mbaya ya mtu mmoja.

Mama yako na ndugu zako wasijue lolote. Asiyejua hawezi kuulizwa.

Pole kwa kazi.

Mratibu


Jumanne, 12 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kwangu na mara moja kwa fundi cherehani wa jirani, ambaye sasa anajua mwanangu anasimamia kuku elfu ishirini. Sikusema unasimamia, alielewa hivyo mwenyewe, nami ni nani nimkatize.

Kuku elfu ishirini! Mimi huyu mtetea mmoja wa madoadoa ananitoa jasho. Amekataa kulala bandani, analala juu ya mashine yangu ya kushonea kama ndiye mwenye nyumba. Unakumbuka ulipokuwa na miaka saba nikakupa jogoo umshike? Ulimziba macho vizuri, kidole gumba nyuma ya kichwa kama nilivyokufundisha, halafu ukalia kumshinda jogoo.

Kiberiti amerudi. Mumewe kamwacha, na amekuja na mtoto wake mgongoni na begi moja. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, nimempokea. Ila unamjua, hakai bila kazi siku mbili akaacha kugombana na sufuria. Jana nilimwomba achinje kuku wa wageni. Nilisema mzibe macho, akanijibu, "Shangazi, huyu ataona mchuzi tu."

Kula vizuri.

Mama yako


Jumapili, 31 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Mtetea wako mpe salamu, mwambie huku wenzake hawajui hata jua linatokea wapi.

Kazi nimeizoea. Watu walisema nitaizoea nikabisha. Kiberiti mpe pole na umkumbatie mtoto.

Nimechoka kidogo leo, nitaandika zaidi wiki ijayo.

Chiriku


Jumanne, 9 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini ndipo usome. Nina habari, na usinishukuru, nimefanya wajibu wangu.

Nimemwandikia barua meneja wenu. Barua ya heshima, fundi cherehani alinisaidia kupanga maneno. Nimemwambia mwenye bidii mmoja mnaye tayari, namleta wa pili, ni damu moja. Amejibu ndani ya wiki! Amesema jina lako linatajwa vizuri, na ndugu wa mfanyakazi kama wewe hawezi kukataliwa. Kiberiti anaripoti Jumatatu. Mtoto anabaki kwangu.

Nilivyofurahi, nilimpa mtetea punje za ziada. Damu nzito kuliko maji. Mfundishe mwenzio, na akiwa mkali mvumilie.

Mama yako


Jumapili, 21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kwa nini hukuniuliza kwanza?

Mrudishe Kiberiti nyumbani. Nakuomba. Mwambie mtoto anaumwa, mwambie lolote. Hii si kazi ya kumfaa. Sababu siwezi kukueleza, na si kwamba sitaki. Fanya wiki hii hii, Mama.

Chiriku


Jumapili, 21 Aprili

Mratibu,

Mama yangu, kwa wema, amemwombea kazi binamu yangu, naye amewekwa banda langu. Msimamizi ameniambia nimfundishe. Nimemfundisha. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, na hazibi macho, anasema ni kupoteza muda.

Anafanya kazi mbele yangu. Uso wake umo kwenye kadi hii, karibu kila siku ya wiki. Picha zikitoka, wa kwanza kukamatwa si meneja, wewe unajua na mimi najua. Atakamatwa aliyeonekana. Ana mtoto wa miaka mitatu, na hapa ameletwa kwa jina langu.

Naomba uniahidi kwa maandishi kwamba hataonekana hata mara moja. Usipoahidi, kadi zilizobaki nitazitupa kwenye pipa pamoja na kuku.

Namba saba


Ijumaa, 26 Aprili

Chiriku,

Sikutegemea haya kwako. Kiberiti ni mkubwa kwako kwa mwezi mmoja, mmenyonya ziwa hili hili mama yake alipougua, na leo unataka nimtoe kazini? Ili ubaki peke yako mwenye kazi kwenye ukoo? Kumbe una roho ya kwa nini, na mimi niliyekuzaa sikuijua.

Mtoto hataki kuumwa ili kukufurahisha. Kiberiti habanduki hapo.

Mama yako


Jumanne, 30 Aprili

Ndugu yetu,

Tumejadiliana. Ninaahidi, na hii ni sahihi yangu: kila kipande chenye binamu yako kitaondolewa.

Elewa lakini maana yake. Picha tulizo nazo bila yeye hazitoshi. Kitakachobaki ni mikono yako, na ni lazima kitoshe. Wiki tatu zilizobaki chukua kazi ya pipa wewe mwenyewe, asubuhi na jioni ukiweza.

Uso wako hautakuwemo. Ovaroli na glavu ni zile zile kwa wote, hakuna atakayekujua.

Mratibu


Jumapili, 5 Mei

Mratibu,

Nimefanya hivyo. Kiberiti yuko kwenye vyombo vya maji, pipa ni langu asubuhi na jioni. Amenuna. Anadhani namwonyesha ukubwa.

Nimeacha kuwaziba macho. Sikukaa nikaamua. Alhamisi jioni, nikisukuma pipa kwenda shimo la mizoga, ndipo nilipotambua kwamba sijaziba hata mmoja tangu Jumatatu.

Naokota, napiga, natupa. Nasikia pipa likipumua, na nawaza kama sabuni yangu ya kufulia itafika mwisho wa mwezi. Nakula vizuri. Nalala vizuri. Zamani hilo lingenitisha.

Kadi mbili zimo ndani.

Namba saba


Jumapili, 5 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.
Kiberiti mzima.
Mvua ilinyesha Jumatano.
Uliyosema sina la kujibu.

Chiriku


Ijumaa, 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mistari minne! Chiriku amemwona paka?

Nilikusema kwa hasira, na hasira ni hasara. Lakini afadhali ungenirudishia maneno. Ulikuwa hujibu kwa mistari minne hata ukiwa na homa. Nitukane basi, nijue upo.

Mtetea ametaga juu ya kitambaa cha bibi harusi mmoja. Nilidhani ungecheka.

Mama


Jumapili, 19 Mei

Mama,

Shikamoo. Kazi nimeacha, mgongo unanisumbua. Nimepanga chumba mjini, anuani iko nyuma ya bahasha. Kiberiti amebaki. Nimemsihi tuondoke wote, akasema nenda wewe mwenye mgongo. Wamempa pipa langu la namba saba.

Habari ya mtetea nimeisoma. Ilichekesha.

Chiriku


Ijumaa, 7 Juni

Ndugu yetu,

Umeona bila shaka. Picha zilirushwa Jumanne, na kila kituo kinazirudia. Watu wameandamana mbele ya maduka yanayouza nyama ya kampuni. Ni kazi yako, na ofisi nzima inakushukuru.

Kuna jambo moja. Kampuni imetangaza kwamba haya yalifanywa na mfanyakazi mmoja kwa utashi wake, na kwamba imemkabidhi polisi. Picha hazina uso wala tarehe, lakini ukutani inaonekana namba ya banda. Wamefungua orodha, wakamkuta anayeshika pipa la namba saba. Ni binamu yako.

Najua unachofikiria. Mwanasheria wetu anasema ukijitokeza utashtakiwa wewe kwa kila kuku anayeonekana, na kampuni itasema sisi ndio tuliowapiga ili tupate picha. Kazi yote itakufa. Kadi za asili hatuwezi kuzitoa. Ikibidi, tutasema hatukujui, kama mkataba unavyosema. Binamu yako atapata faini au miezi michache, na wakili tutamtafutia kimyakimya.

Tulia. Hili litapita.

Mratibu


Jumatatu, 10 Juni

Mratibu,

Sawa.


Jumatano, 12 Juni

Chiriku,

Jumamosi fundi cherehani alikuja mbio kuniita, eti wanakofanya kazi wanangu kumetoka kwenye taarifa ya habari. Nikabadilisha gauni. Nilidhani mmepewa tuzo.

Kwa fundi, wenzangu walikuwa wanasikiliza. Mimi televisheni siisikii, kwa hiyo naitazama. Hakukuwa na uso, ni mikono tu yenye glavu za bluu, na kuku, na pipa. Fundi akaniandikia kwenye karatasi: mwenye mikono hii amekamatwa, ni Kiberiti wako. Chumba kizima kikanigeukia kunipa pole.

Mikono ile si ya Kiberiti. Huyo nimemlea, hajawahi kumziba kuku macho tangu azaliwe. Yule wa kwenye televisheni alishika miguu kwa mkono wa kulia, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa, kidole gumba nyuma, akatulia kidogo. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu, na ndivyo ninavyofanya mimi. Hapa duniani tumebaki wawili, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha fundi.

Nilikuona mara tatu. Kisha wakaja kuku wengi, wengi, na kiganja hakikwenda tena. Nilitazama hadi mwisho nikikutafuta. Sikukuona.

Nilikuita mwenye roho ya kwa nini. Nisamehe, mwanangu. Kumbe ulikuwa unamkinga mwenzio na kazi ile, na aliyemsukuma huko ni mimi na barua yangu ya heshima. Aliyepiga zile picha simjui, wala simlaumu.

Mtoto ameganda kwangu. Kila mlango ukilia anakimbia, akirudi anakaa chini ya mashine na mtetea.

Watu wananiambia niende polisi nikamsemee Kiberiti. Nimevaa viatu mara mbili nikavivua. Wakiniuliza, mama, unaijua mikono hii? nitasema nini? Nikinyamaza namfunga mtoto wa kaka yangu. Nikisema nakufunga wewe kwa mdomo wangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi ninao wawili. Usiniache nichague.

Nitangoja hadi Jumatatu. Jumatatu nitavaa viatu na sitavivua.

Mama yako


Jumapili, 16 Juni

Mama,

Shikamoo.

Usivae viatu. Nilikwenda mwenyewe Ijumaa asubuhi, barua yako ikiwa mfukoni.

Kwanza nikwambie hili. Aliyepiga picha ni mimi. Kamera ilikuwa kifungo cha pili cha ovaroli yangu. Nilitumwa na ofisi inayofuatilia mateso ya wanyama, na nimekudanganya tangu barua ya kwanza. Kiberiti nilimwondoa kwenye picha ili asiguswe, nikaweka mikono yangu tu. Sikuwaza kwamba mikono isiyo na uso watampa yeyote aliye karibu. Na nilipoambiwa amekamatwa, Mama, nilijibu sawa. Niliandika neno hilo moja, nikanunua mkate, nikala, nikalala. Mwana wa mjomba wangu yuko ndani, na mimi nalala. Bila barua yako sijui kama ningeamka.

Askari hakuniamini. Alisema kila siku wanakuja watu kujitwika makosa ya ndugu zao, na glavu ni glavu. Kadi ziko ofisini, na ofisi ilipopigiwa simu ilisema hainijui. Basi akavua sweta lake, akalikunja mezani, akawasha zile picha kwenye simu yake. Akasema, "Kama ni wewe, nionyeshe."

Nilishika mikono ya sweta kana kwamba ndiyo miguu. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe, ukapiga ukingo wa meza mara moja, ukatupa. Sikuhisi kitu. Askari akaitazama simu, akasema hapana, mwanzoni huyu anafanya jambo jingine kabla ya kupiga.

Nikarudia, kiganja hakikwenda. Nikarudia tena. Nilikuwa najua kuna jambo linafanywa kwa mkono wa kushoto, lakini mkono wenyewe ulining'inia tu ubavuni kama si wangu. Mara nne, Mama. Kitu nilichokijua tangu nikiwa na miaka saba! Askari akaanza kuchukua sweta lake.

Nikatoa barua yako. Nikaifungua mezani nikaisoma kwa sauti, nikifuata neno kwa neno kama mwanafunzi: mkono wa kulia kwenye miguu, kiganja cha kushoto juu ya kichwa, kidole gumba nyuma, tulia kidogo. Nilipotulia nikasikia joto la sweta, kwa kuwa alikuwa amelivua sasa hivi. Hapo nikalia. Tangu Machi sijatoa chozi, nikaja kulilia sweta la askari. Alichukua kalamu. Akaandika.

Kiberiti walimtoa saa nane mchana. Nilikuwa kwenye benchi la ndani, akapita mbele yangu na begi lake. Akasimama, akaniangalia sana, akasema, "Kwa hiyo pipa ulininyang'anya kwa ajili hii?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mjinga wewe." Halafu akanifunga kifungo cha juu cha shati, maana lilikuwa limefunguka, akaenda zake. Leo nadhani ameshafika kwako.

Mimi nimeachiwa kwa dhamana ya mwenye nyumba wangu. Mahakamani ni mwisho wa mwezi. Makosa yameandikwa yangu peke yangu, na kwa yale yaliyoonekana, ni yangu kweli. Meneja na msimamizi bado wako kazini.

Ninakuja Jumamosi nikiruhusiwa. Usichinje kuku kwa ajili yangu. Niwekee tu yule mtetea wa madoadoa, niketi naye kwenye mashine, na wewe uniwekee mkono wangu wa kushoto mahali pake.

Mwanao,
Chiriku